Ukinakili Mkataba, Chunga Nambari Zake

Ukipanda barabara ya Magadi ukaipita Kiserian, utafika Kona Baridi, pale upepo wa milima ya Ngong unapokupiga kabla barabara haijateremka kuingia Bonde la Ufa. Huko, kama kwingineko Kajiado, ardhi imekatwa vipande na kuuzwa, na kila kipande huuzwa kwa karatasi. Aghalabu karatasi hiyo haitungwi upya. Mtu huenda saiba na mkataba wa jirani, vifungu vikanakiliwa na kubandikwa katika wake, ukapigwa chapa, watu wakatia sahihi.

Wengi hudhani kwamba kinachoweza kuharibika hapo ni urembo tu: herufi nzito zimekuwa nyembamba, mistari imepinda. Laiti ingekuwa hivyo! Katika mkataba, nambari ya kifungu nayo ni sehemu ya mpangilio, na mpangilio ndio unaopotea njiani.

Tuseme kifungu cha 3 cha jirani kinasema mnunuzi atamaliza kulipa masharti ya kifungu cha 7 yakishatimizwa, na cha 7 ni idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Kwa ardhi ya kilimo sheria inaitaka idhini hiyo, na ombi lipelekwe katika miezi 6 tangu mkataba kufanywa. Nawe unabandika vifungu viwili vipya baada ya cha 4, kimoja cha maji na kimoja cha njia ya ng'ombe. Nambari za pembeni husogea zenyewe kwa kuwa kompyuta ndiyo inayozihesabu, na idhini inakuwa ya 9. Lakini ile 7 iliyo ndani ya sentensi ilichapwa kwa kidole. Imebaki pale pale. Kifungu cha 7 sasa ni kile kilichokuwa cha 5, labda ada ya mpima ardhi. Mpima akishalipwa, unadaiwa pesa zote, na bodi haijakutana hata mara moja.

Larry Tesler, Mmarekani aliyefariki mwaka wa 2020, ni mmoja wa waliotuletea huku kunakili na kubandika, alipokuwa Xerox kule California katika miaka ya 1970. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya makasi na gundi, na nakwambia, gundi haikubadilisha nambari ya mtu!

Katika Word, kila aya huishia kwa alama iliyofichika, mfano wa herufi P iliyogeuzwa. Bonyeza Ctrl, Shift na 8 kwa pamoja utaiona. Humo ndimo inamokaa nambari ya aya na nafasi yake ya pembeni. Ukinakili maneno ukaiacha alama hiyo nyuma, yatakuja uchi. Ukiichukua, nambari nayo huja, ila huenda ikaanza upya kwa 1 au ikaendeleza hesabu ya huko iendako, itazame.

Ukishabandika, kibandiko kidogo hutokea chini ya maneno. Kifungue. Aghalabu utaona picha tatu: ya kwanza huhifadhi sura ya maneno yalikotoka, ya pili huichanganya na ya huku, na ile yenye herufi A huleta maneno matupu. Usipochagua, na faili zote mbili zina mtindo wenye jina moja, mtindo wa faili inayopokea ndio hushinda kwa kawaida.

Ikiwa sehemu kubwa ya mkataba haibadiliki, mimi ningehifadhi faili nzima kwa jina jipya nikafanyia kazi humo, nikikagua kila jina na kila nambari ya ploti isije ya jirani ikabaki. Kuhusu ile 7 ya ndani ya sentensi, Word ina njia ya kuiunganisha na kifungu chake. Kisha Ctrl na A, halafu F9, huzisahihisha zote. Kwa mkataba wa kurasa mbili, andika tu "kifungu cha idhini ya bodi", uachane na nambari.

Kabla ya kutuma faili saiba kwa simu, igeuze iwe PDF. Kompyuta ya huko isipokuwa na aina yako ya herufi, mistari husogea, na sahihi hujikuta peke yake kwenye ukurasa wa mwisho. Sheria ya Kenya inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na wahusika wote, na kila sahihi iwe na shahidi. Ukurasa wenye sahihi tupu waweza kubandikwa nyuma ya mkataba wowote. Vuta angalau kifungu kimoja kikae nao, na kila mhusika atie alama yake chini ya kila ukurasa.