Mhandisi Asiyejua Plugi

Leo nina jambo ambalo huenda lisiwapendeze baadhi yenu. Msikasirike, mimi ndiye wa kwanza lililonichoma.

Nikiwa mwaka wa tatu wa uhandisi wa mitambo hapa Marekani, Baba alinipigia simu kutoka Kilwa. Mashine ya boti lake, ile ya petroli ya kuchanganya na oili, ilikuwa imegoma siku ya pili. "Mwanangu, wewe si ndiyo unasomea mainjini? Hebu niambie nianzie wapi." Jamani, wiki ile ile nilikuwa nimepata A kwenye mtihani wa thamodainamiki! Kanuni ya ufanisi wa injini naiandika hata nikiwa usingizini. Lakini aanzie wapi? Sikuwa na jibu. Nikasema, "Baba, mwite fundi." Fundi akaja, kijana aliyeishia darasa la saba, akafungua kabureta, akapuliza jeti iliyoziba, mashine ikanguruma. Nusu saa tu. Baba hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kiangazi hicho nikapita mahali mtu anauza vitu vyake vya zamani mbele ya nyumba, kama Wamarekani wanavyofanya. Palikuwa na chenso, yaani msumeno wa injini wa kukatia miti. Haiwaki, dola 20. Nikainunua. Mwenzangu wa chumbani akacheka: "We bwana, unataka kukata mti gani hapa?" Sikutaka kukata mti. Nilitaka injini ndogo ambayo hata nikiiharibu sitalia.

Chenso ni mwalimu mzuri kwa sababu haina mambo mengi: silinda moja, pistoni moja. Injini ya petroli inataka mafuta na hewa, mgandamizo, na cheche kwa wakati wake. Basi. Kwanza nilitoa mnyororo, nisije nikajikata. Nikafungua bomba la moshi, nikachungulia pistoni kwa tochi. Ingekuwa na michirizi, ningejua imeungua, labda kwa kukosa oili, na dola zangu 20 zimekwenda. Ilikuwa safi. Nikavuta kamba mara kadhaa, nikafungua plugi: kavu. Kavu maana yake mafuta hayafiki. Kumbe petroli ya zamani ilikuwa imeganda kama gundi ndani ya kabureta, na kile kipande chembamba cha mpira kinachovuta mafuta kimekakamaa. Kipya nilikipata kwa dola chache. Nikachanganya petroli lita 5 na oili mililita 100, yaani 50 kwa 1, nikavuta kamba mpaka mkono ukafa ganzi. Wiki ya tatu ikawaka. Sikwambii furaha yake. Ile A haikunipa hata nusu.

Najua watakaosema mhandisi si fundi, na kwamba wazazi hawakuuza ng'ombe ili tuje kushika spana Ughaibuni. Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Kwetu tumezoea kwamba aliyefeli ndiye anayepelekwa ufundi, na aliyefaulu hashiki grisi. Matokeo yake, mwenye spana hana hesabu, na mwenye hesabu hana spana. Halafu tunashangaa kwa nini pampu ya kijiji ikiharibika inakaa miezi inasubiri mtu. Sisemi tuache vitabu. Nasema kitabu kisichowahi kukutana na boliti iliyoshika kutu hakijakamilika.

Kwa hiyo nina pendekezo. Jumuiya yetu haikosi fedha ya pilau kila sherehe. Tupunguze sahani chache tu, tununue mashine moja mbovu na sanduku la spana, tukutane Jumamosi nje, mbali na moto, tuifungue pamoja. Wa uhasibu na wa uuguzi nao waje. Ila tusigeuze biashara: wenye viza ya F-1 wanajua kwamba kazi ya kulipwa nje ya chuo bila kibali ni matatizo.

Mwaka jana mashine ya Baba iligoma tena. Safari hii nikamuuliza, "Plugi imelowa au kavu?" Akanyamaza kidogo, nasikia anahangaika na spana. "Kavu." Nikamwambia, "Basi mafuta hayafiki. Anzia kwenye mpira unaotoka tangini, halafu chujio, kabla hujagusa kabureta." Ulikuwa mpira, umepasuka. Akacheka, akaniuliza tangu lini huko chuoni wameanza kufundisha mambo ya maana.

Naomba kutoa hoja.