Fort Ternan: Ngome ya Kumzuia Nani?

Wasee, hebu mnijibu. Fort ni ngome, na ngome hujengwa kumzuia mtu. Sasa pale Fort Ternan, Kericho, upande wa Kipkelion, aliyekuwa anazuiwa ni nani? Si Mjerumani. Ni Wakipsigis na Wanandi wa milima ileile. Wanandi peke yao walisumbuana na Waingereza miaka kama 10, mpaka Koitalel arap Samoei akauawa tarehe 19 Oktoba 1905. Vita vikaisha, ngome ikabaki kwa kibao, na mpaka leo mtoto wa pale akijaza fomu ya shule anaandika jina la ukuta uliowekwa kumzuia babu yake.

Na Ternan mwenyewe? Trevor Ternan, afisa wa jeshi la Uingereza, alikaimu ukamishna wa Uganda miaka ya mwisho ya 1890. Ndiyo, Uganda. Eneo hilo lilihesabiwa Uganda hadi 1902. Kwa hivyo tumeshikilia jina la kaimu bosi wa nchi jirani. Kaimu, buda! Hata hakuwa bosi kamili.

Kuna wale watakuja kwa komenti: “Jina ni jina tu, ongea juu ya kazi.” Sawa. Basi mbona Port Florence ilirudi kuwa Kisumu? Huyo Florence alikuwa bibi ya injinia wa reli. Fort Hall ikawa Murang'a, Thomson's Falls ikawa Nyahururu, Broderick Falls ikawa Webuye. Hata Lumbwa, hapo tu karibu kwa reli hiyohiyo, ikawa Kipkelion. Miji ikipewa heshima yake hakuna anayeuliza gharama ya vibao. Ni kijiji kikiuliza ndio ghafla tunakumbuka bajeti.

Lakini kitu kinaniuma zaidi ni mifupa. Mwaka 1961 Louis Leakey alichimba hapo akapata taya la nyani wa kale, miaka kama milioni 14. Dunia nzima ya sayansi inajua Fort Ternan kwa sababu ya hilo taya. Likaitwa Kenyapithecus wickeri. Wicker ni nani? Mzungu mwenye shamba. Yaani kumiliki shamba, hilo shamba lenyewe tunajua lilipatikanaje, kulitosha jina lako likae kwa vitabu milele. Heslon Mukiri, Mkenya aliyemchimbia Leakey visukuku miaka na miaka, alingoja mpaka 1993 ndio nyani mwingine, wa Rusinga, akaitwa heseloni. Miaka 31 baada ya Wicker. Mimi niliacha kampasi, lakini hesabu hiyo naiweza.

Sitaki mtu wa Nairobi, mimi nikiwemo, awachagulie watu wa pale jina jipya. Wala sitaki apewe mheshimiwa fulani, tutakuwa tumebadilisha Ternan na Ternan mwingine. Kila kilima na kila kijito pale kilikuwa na jina kabla ya reli, na wanaoyajua ni wazee, na wazee wanatuacha. Kama gogo wako ni wa upande huo, hiyo simu unayonisomea ina rekoda. Mwulize walikuwa wakipaitaje kabla ya steshini, umwache aongee, halafu unitumie sauti.