Risala ya Mafundi Mtandao kwa Mkuu wa Chuo

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Tumekuja na jambo moja: seva na printa za chuo zipewe anwani za mtandao (IP) za kudumu, za toleo la 4 na za toleo la 6.

Mheshimiwa, katikati ya usajili uliopita kadi ya mtandao ya seva kuu iliungua, tukaweka nyingine. Anwani ya toleo la 4, 10.20.0.15, tuliiandika wenyewe kwenye faili la usanidi, kwa hiyo haikubadilika. Ya toleo la 6 hatukuwahi kuruhusiwa kuipanga. Seva ilikuwa ikijitungia kutokana na namba iliyochongwa kwenye kadi. Kadi mpya ikaja na anwani mpya, huku jina la seva likiendelea kuelekeza kwenye ile ya zamani. Programu ya usajili hujaribu toleo la 6 kwanza. Kila mwanafunzi alipobonyeza, ilibisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa mpaka ikakata tamaa, ndipo ikarudi toleo la 4. Foleni ilifika getini, na tukaitwa wazembe. Neno hilo limetuuma, maana ombi letu lilikuwa limelala ofisini tangu mwaka wa kwanza wa mfumo wa usajili.

Printa ya uhasibu nayo ilipewa anwani iliyo ndani ya zile ambazo ruta hugawa yenyewe. Ruta ikampa mgeni mwenye kompyuta mpakato anwani hiyohiyo, na hundi za mishahara zikakwama.

Tunaambiwa toleo la 6 lisubiri. Lisubiri nini? Anwani za toleo la 4 ni kama bilioni 4.3 tu, na mafungu ya mwisho ya hazina kuu ya dunia yaligawiwa Februari 2011. Chuo kina fungu la /48, linalotosha mitandao midogo 65,536, na hatujapanga hata mmoja.

Tunadai safu ya anwani itakayotengwa nje ya zile za ruta. Ruhusa ya kuandika kwenye kila seva anwani ya toleo la 6, kiambishi cha /64 na lango lake, na kuzima kujitungia. Pia daftari moja la anwani zote. Zaidi ya yote, ukuta wa ulinzi uwekewe kanuni za toleo la 6. Leo unazuia toleo la 4 peke yake.

Kazi tutaifanya usiku wa Jumamosi, mfumo ukiwa hauna watu. Tunaomba saini yako kabla ya usajili wa Oktoba.