Video ya Mwalimu Tarajali Isigeuzwe Hakimu

Umezuka vyuoni mwetu wimbo mpya: mwalimu tarajali wa sayansi ajirekodi akifundisha, aitume video chuoni, na mhadhiri ampe alama akiwa ofisini. Wanaouimba wanatuambia kwamba nauli na posho za wasimamizi zitaokolewa. Siipingi kamera, napinga kazi inayopewa.

Muhula uliopita, mwanafunzi wangu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha alinitumia video ya jaribio la kupima wanga katika jani. Kila hatua ilikwenda sawa. Jani lilichemshwa majini, likaondolewa ukijani kwa spiriti ya moto, likatonewa iodini, likageuka buluu iliyokaribia weusi. Darasa lilijibu kila swali kwa sauti moja. Ukamilifu huo ndio ulionitia shaka. Nilipomdodosa, alikiri kwamba hiyo ilikuwa rekodi ya tatu, mbele ya wanafunzi wale wale. Ya kwanza aliificha kwa aibu.

Nilimwomba anitumie. Humo, jani lilibaki na rangi ya kahawia ya iodini. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona halijawa jeusi?" Akajibiwa kuwa iodini ni mbovu, na kamera ikazimwa. Kumbe mmea ulikuwa umewekwa siku mbili katika stoo yenye giza, ukamaliza wanga wake. Swali la binti yule lilikuwa ndilo somo lenyewe la usanisinuru, nalo lilizimwa pamoja na kamera.

Kwa fomu zetu za tathmini, video ya tatu ilistahili alama za juu na ya kwanza ilistahili kuanguka. Kwa elimu, mambo ni kinyume.

Haya si mapya. Chuo Kikuu cha Stanford kilipoanzisha mwaka 1963 mafunzo ya vipindi vifupi, ambamo video ilikuja kuwa chombo muhimu, shabaha ilikuwa mwanafunzi ajitazame, akosolewe, kisha afundishe tena. Miaka 50 baadaye, Marekani hiyo hiyo ilieneza mtihani wa edTPA, uliomtaka mwalimu tarajali alipe dola 300 na kuwasilisha vipande vya video kwa msahihishaji asiyemjua. Georgia ililiondoa sharti hilo mwaka 2020, New York mwaka 2022. Je, sisi tuokote kile ambacho wenzetu wanakitupa?

Ninalodai ni dogo. Video isibebe alama. Mwalimu tarajali achague kipindi kilichomshinda, akitazame pamoja na mhadhiri wake, kisha akifundishe upya. Msimamizi naye aendelee kufika darasani, kwa maana kamera iliyotegwa ubaoni haimwoni mtoto wa dawati la mwisho ambaye chupa moja ya iodini haikumfikia.

Mwanafunzi wangu alirudi darasani na majani mawili, la juani na la gizani, akamwita binti yule aeleze tofauti. Kipindi hicho hakukirekodi.

Tukiendelea kutoa alama kwa majaribio yasiyokosea, tutazalisha walimu wanaoficha makosa, nao watazalisha wanafunzi wanaopika matokeo ya maabara. Siku hiyo tusije tukauliza walijifunzia wapi.