Lawama Juu ya Aproni

Wako watu wasemao kuwa Hattie McDaniel aliwaaibisha watu weusi wa Marekani kwa kukubali kucheza mtumishi wa nyumbani katika picha baada ya picha. Malalamiko juu ya nafasi za namna hiyo si mapya. Walter White wa chama cha NAACP aliyafikisha kwa wakuu wa Hollywood mwaka 1942. Lakini wamlaumuo McDaniel humwacha mpishi wakamshika aletaye sahani. Ni nani aliyeyaandika maneno ya yule yaya wa Gone with the Wind? Si McDaniel. Alipewa, akayasema kwa ustadi uliomfanya mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, tarehe 29 Februari 1940. Usiku ule, katika hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles, aliketishwa meza ya kando, mbali na wachezaji wenzake. Miezi miwili kabla yake, picha hiyo ilipofunguliwa Atlanta, hakuwako kabisa, kwa kuwa ubaguzi wa Georgia haukumruhusu. Wamchekao kwa aproni yake na wautaje mlango uliokuwa wazi, yeye akakataa kuuingia.

Hawautaji. Lena Horne, aliyeingia MGM mwaka 1942, hakutaka aproni. Alilipwa nini? Aliwekwa peke yake aimbe, kipande chake kisifungamane na hadithi, ili wenye majumba ya sinema ya Kusini wakikate bila picha kupungukiwa na kitu. Ilipotengenezwa Show Boat ya mwaka 1951, nafasi ya Julie, mwanamke mwenye damu ya watu weusi, alipewa Ava Gardner, mwanamke Mzungu! Dorothy Dandridge naye alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kushindania Oscar ya mchezaji mkuu wa kike, kwa Carmen Jones ya mwaka 1954. Lakini kanuni za sinema zilikataza mapenzi kati ya mweusi na mweupe hata mwaka 1956, na mwanamke asiyeruhusiwa kupendwa na shujaa atacheza nini? Alifariki mwaka 1965, umri wake miaka 42.

Wakosaji wengine ni washangiliao. Halle Berry aliipata tuzo ile iliyompita Dandridge mwaka 2002. Miaka 20 baadaye alikuwa bado peke yake. Octavia Spencer alitunzwa mwaka 2012 kwa kucheza mtumishi katika The Help, na Lupita Nyong'o wa Kenya mwaka 2014 kwa kucheza mtumwa. Ustadi wao hauna mjadala. Linalojadiliwa ni jicho la watoa tuzo, ambalo humwona upesi zaidi mwanamke mweusi akiwa ameinama. Viola Davis, aliyecheza mtumishi mwenzake Spencer katika The Help, alisema mwaka 2018 kwamba aliijutia picha ile, kwa kuwa mwishowe sauti zilizosikika humo hazikuwa za watumishi.