Daftari Kubwa Lahitaji Mpangilio Kwanza

Mali bila daftari hupotea bila habari, walinena wahenga. Lakini daftari lenyewe likijaa mamilioni ya mistari nalo huweza kupoteza mali. Mwananchi aliyepiga foleni tangu alfajiri, kisha akaambiwa kwamba mtambo umezidiwa, hafaidiki kwa kujua kuwa jina lake limo humo.

Tatizo hili linapozuka, desturi yetu ni kudai tarakilishi kubwa zaidi. Kwa maoni yangu, huko ni kununua dawa kabla ya kuyajua maradhi.

Tuchukue mfano. Sajili ya wapigakura ya mwaka 2022 ilikuwa na majina 22,120,458. Karani anayesoma jina baada ya jina huenda akayapitia yote. Majina hayo hayo yakipangwa kwa utaratibu, na kila mara nusu isiyohusika ikaachwa, hatua 25 zatosha. Hiyo ndiyo kazi ya faharasa. Hata hivyo, faharasa ina gharama: kila jina jipya linapoingia, kila faharasa sharti irekebishwe. Zikizidi, uandikaji hukwama.

Jedwali likiendelea kukua, na ligawanywe, tuseme kwa kaunti zetu 47, na sehemu hizo zisambazwe katika mitambo kadhaa. Amtafutaye mtu wa Kwale hatagusa sehemu ya Turkana. Lakini aulizaye bila kutaja kaunti atazipekua zote 47. Hekima, basi, imo katika kuchagua ufunguo unaolingana na maswali yanayoulizwa mara nyingi.

Watunzi wa kamusi wanalijua jambo hili. Neno “wametupikia” hatulitafuti chini ya W, bali chini ya “pika”. Lau kamusi ingefuata viambishi vya mwanzo, maelfu ya vitenzi yangerundikana chini ya herufi chache, na nyingine zikabaki takriban tupu. Jedwali lililogawanywa vibaya huugua ugonjwa uo huo: mtambo mmoja hulemewa ilhali mingine imekaa bure.

Kwa hivyo, wanaotoa zabuni za mitambo ya umma hawana budi kuuliza kwanza: Jedwali litatafutwa kwa ufunguo upi? Litagawanywa vipi? Rekodi za kale zitahamishiwa wapi? Mwuzaji asiyeweza kuyajibu maswali haya asipewe hata senti ya mlipa kodi.