Mnauliza kilo tu, mawe hamuulizi!

Huku Stockholm tuko salama, baridi tu ndiyo inatuonea. Leo sileti picha za theluji. Leo nina hasira, mniwie radhi.

Tangu nilipopasuliwa ili nipungue unene, kila simu kutoka nyumbani ina swali moja: "Dada, umetoa kilo ngapi?" Sasa wiki hii mpwa wangu kanitumia tangazo: upasuaji wa kupunguza tumbo nchi za nje, siku tano, hoteli na tiketi humo humo. Nimelisoma mpaka mwisho. Mawe ya nyongo hayakutajwa hata mara moja!

Jamani, unapopungua haraka, kolesteroli nyingi inaingia kwenye nyongo. Na kwa kuwa unakula kidogo, kifuko cha nyongo hakijikamui kama zamani. Nyongo inatuama, kama chai iliyojazwa sukari ikaachwa ipoe: chini panaganda. Hayo ndiyo mawe.

Na haya si maneno ya vijiweni. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1995 uliwafuatilia waliofanyiwa upasuaji wa kuchepusha njia ya chakula. Ndani ya miezi 6, asilimia 32 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa walipata mawe. Waliopewa ursodioli miligramu 600 kwa siku walikuwa asilimia 2 tu.

Mimi kliniki yangu ilinipa orodha ndefu ya vitamini. Kuhusu mawe, kimya. Mwezi wa tano, baada ya vijiko vitatu vya pilau ya Idi, maumivu yakanishika chini ya mbavu za kulia mpaka mgongoni. Mama kwenye simu akasema vidonda vya tumbo. Shangazi akasema jicho la watu. Kumbe jiwe! Kifuko kikatolewa.

Najua mtasema: si bora kitolewe siku ile ile ya upasuaji? Hapana. Mawe mengi hayaumi kabisa, na kumkata mtu asiye na dalili ni kumwongezea hatari bure. Bora uulize mambo matatu kabla ya kisu. Nitapigwa ultrasaundi ya nyongo? Nitapewa ursodioli? Nikiumwa baadaye, nani ataniona? Hili la tatu ni zito, maana njia ya chakula ikishachepushwa na jiwe likanasa kwenye mrija wa nyongo, kulifikia kwa kamera ya mdomoni ni kazi ngumu.

Sweden ina rejista ya upasuaji huu tangu 2007. Mgonjwa anafuatiliwa wiki ya 6, kisha mwaka wa 1, wa 2, wa 5 na wa 10. Hao wa siku tano watakufuata mpaka wapi? Mpaka uwanja wa ndege!

Mpwa wangu, sipingi upasuaji, mimi umenisaidia. Napinga kuuziwa kilo huku mawe yamefichwa. Usilipe hata shilingi kabla hujajibiwa hayo matatu. Na wewe uliyekwisha kupasuliwa, ukiona maumivu hayo pamoja na homa, macho ya njano au mkojo wa rangi ya kahawa, usingoje asubuhi. Nenda hospitali usiku huo huo, na uwaambie ulipasuliwa nini.

Haya, nimemaliza. Msalimieni Bibi. Tuko pamoja.